Ukishamaliza Ni no Kuni II, Urudi Kucheza la Kwanza?



Leo singo, hina na udi tunaviweka pembeni. Kuna suala limekuwa likizunguka baina yetu tangu Mfunguo Mosi, na kila tukikutana linarudi: mtu akishamaliza Ni no Kuni II, kuna haja ya kurudi nyuma kucheza lile la kwanza? Msicheke. Mabiharusi wengi siku hizi wanahamia kwa waume zao na kuikuta PlayStation imeshakaa sebuleni kabla hata ya kabati la vyombo, na wengine ndio wao waliokwenda nayo. Na wenye kulea watoto au wadogo zao wanajua kuwa gemu likishaingia nyumbani, lazima awepo mtu mzima anayejua kilichomo ndani yake.

Kwa wasioyajua, haya ni magemu ya kuvaa uhusika. Unaingia ndani ya hadithi, unamwongoza mtu wako mji hadi mji, anakua nguvu kidogo kidogo, na mpaka uimalize ni saa 40 hivi. Yametengenezwa Japani na kampuni ya Level-5. La kwanza, Wrath of the White Witch, lilitoka Japani kwa PlayStation 3 mwaka 2011 na likafika nchi nyingine mwanzoni mwa 2013. La pili, Revenant Kingdom, lilitoka 2018. Hadithi ya la pili inatokea mamia ya miaka baada ya ile ya kwanza na watu wake ni wengine, kwa hiyo huhitaji kulijua la kwanza ili ulielewe. Wale wanaosikitika kwamba wameanzia katikati, watulie. Hakuna kilichoharibika.

Wanaosema usirudi wana hoja, na si hoja za kupuuza. Kwenye la pili unapigana mwenyewe kwa vidole vyako: unakwepa, unaruka, unapiga upanga, mambo ni chap chap. Ukirudi la kwanza unakuta mapigano ya kuchagua kwenye menyu, upige, ujikinge au utoe dawa, na mara nyingi anayepigana si mtoto Oliver mwenyewe bali viumbe vidogo anaowafuga, ambao huchoka na kulazimika kurudi kupumzika. Wenzako wanaoongozwa na mashine ndio balaa. Wanamaliza nguvu zao zote kwa adui wa njiani, kisha mkifika kwa zimwi kubwa wanakuangalia tu. Hilo linaudhi na hatutalipamba. Halafu mwanzo wake ni mrefu. Utafundishwa hiki na kile mpaka usinzie.

Na kuna kitu kimoja cha la pili ambacho wengi wetu tulikipenda mno, nacho la kwanza halina kabisa: kujenga ufalme. Evan, yule mfalme mdogo, anaanzisha mji wake, Evermore, na wewe ndiye unayekwenda kutafuta raia mmoja mmoja, unamjua anafaa kazi gani, unamjengea pahala pa kuifanyia, hazina inajaa. Mwanamke anayependa nyumba ipangike atakaa hapo mpaka sufuria iungue. Ukitoka kwenye raha ile ukaenda kwa Oliver, utahisi umehama jumba ukaingia chumba kimoja.

Hata hivyo sisi tunasema rudi. Na sababu yetu haina uhusiano na mapigano wala picha, ingawa picha za la kwanza, zile sehemu za katuni, zilichorwa na Studio Ghibli wenyewe, na muziki wa magemu yote mawili ni wa Joe Hisaishi.

Sababu yetu ni msiba. Tazameni jinsi hadithi hizi mbili zinavyoanza. Kwenye la pili Evan ameshafiwa na mama, baba yake naye ameuawa, na katika kutoroshwa usiku kwenye kasri anakufa pia Nella, yule mlezi aliyemlea kama mwanawe. Mtoto analia kidogo, anaweka ahadi kwamba atajenga nchi ambayo kila mtu ataishi kwa furaha, na safari inaanza. Kuanzia hapo kuna mengi ya kufanya: kodi, majeshi, mikataba. Huzuni haipati pa kukaa. Hatulilaumu gemu kwa hilo, kwani hata kwenye maisha wapo watu wanaoponea kwenye kazi.

La kwanza halikimbii. Oliver ana miaka 13, anaishi na mama yake peke yao katika mji mdogo wa Motorville. Usiku mmoja anatoka kwa kujificha na rafiki yake kujaribu gari waliloliunda, gari linaingia mtoni, mama anajitosa kumwokoa. Anamtoa mzima. Kisha moyo wa mama unashindwa, anafariki. Mtoto anajifungia ndani siku tatu akilia, na machozi yake yanamdondokea mwanasesere aliyepewa na mama yake, na yule mwanasesere anazinduka. Anaitwa Drippy, ana domo refu na anazungumza Kiingereza cha lafudhi ya Wales (huyu atakuchekesha hata kama hutaki). Anamwambia Oliver kuwa upo ulimwengu mwingine ambako kila mtu ana pacha wake wa nafsi, na pacha wa mama yake huko ni mwanamke mwenye hekima kubwa aliyefungwa na adui anayeitwa Shadar. Oliver anafunga safari kwa tumaini moja tu: akimkomboa yule, huenda na mama akarudi.

Tazameni basi kazi anayopewa njiani. Shadar anawaibia watu vipande vya mioyo yao. Kuna aliyepoteza ushujaa, kuna aliyepoteza wema, kujizuia, imani, kujiamini, hamu, malengo, mapenzi. Oliver anatembea na kidani, anatafuta mtu ambaye ana hamu nyingi mpaka inamwagika, anamwomba ruhusa, anachota kidogo, anakwenda kumpa yule aliyeishiwa. Mmoja wa mwanzo ni askari wa mjini Ding Dong Dell, amesimama kazini kama nguo iliyoanikwa, hana hamu na chochote. Baadaye unaona kwamba wanaouponya moyo wa mtu huwa ni watu wa kawaida kabisa wa jirani, wenye cha ziada, ambao hawakujua kuwa wanacho.

Sisi tuliokwishakaa matangani tunaijua kazi hii. Anayekuja na sufuria ya uji, anayewaogesha watoto, anayekaa kimya pembeni ya mfiwa bila ya kusema neno. Hatujapata kuona gemu jingine linalompa mtoto kazi ya namna hiyo, na kumpa tena na tena, saa baada ya saa, mpaka mkono wake uizoee. Ule urefu tunaoulalamikia ndio unaoifanya ifanye kazi.

Hapa ndipo suala letu lilipoanza kuwa zito. Mmoja kati yetu analea mdogo wake wa miaka 11. Mama yao amefariki mwaka juzi. Yule mtoto alilimaliza la pili, akasikia kwamba liko la kwanza, sasa analiomba kila siku, na dada mtu hajui ampe au amnyime. Baadhi yetu walisema amnyime. Walisema mtoto aliyefiwa na mama ataonyeshwa mama akifa, tena akimwokoa mwanawe, kisha atafundishwa kwamba kuna njia ya kumrudisha. Atabaki na tumaini la uongo na maswali ya usiku wa manane.

Kwa hilo itabidi tufichue kidogo, na anayetaka kuambiwa na gemu lenyewe aruke aya hii. Mama harudi. Namna Oliver anavyolijua hilo tunamwachia kila mmoja akutane nayo mwenyewe, lakini lile tumaini alilotoka nalo nyumbani halitimii, na yeye anaendelea kuwasaidia wengine baada ya kulijua. Anayeogopa kwamba gemu litamdanganya mtoto, basi jambo hilo halimo. Kinachobaki ni kama mtoto yuko tayari kuusikia ukweli huo akiwa ameshika rimoti, badala ya kuusikia kwa mtu wake. Ndiyo maana hatusemi apewe tu. Tunasema apewe na dada yake akiwa amekaa ubavuni. Watoto wa kiume wetu wanaambiwa wasilie tangu jeneza halijatoka nyumbani, na hali Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Hadithi ambayo msaada unakuja kwa sababu mtoto alilia, si mbaya kwake.

Dada mtu bado hajaamua, na hatumsukumi. Yeye ndiye anayejua usiku mtoto analala vipi.

Sasa tuje kwenye dini, maana tunajua wengine mmeshaanza kuuliza. Oliver anakuwa mchawi. Ana fimbo, ana kitabu cha maneno ya uchawi. Neno hilo kwetu, Unguja na Pemba, si la mchezo, na hatutalifanya dogo. Wapo miongoni mwetu ambao kwa sababu hiyo tu hawayagusi magemu haya, na tunawaheshimu. Fatwa si kazi yetu, muulize sheikhe unayemwamini. Tunachoweza kusema ni kwamba aliyelikubali la pili hawezi kulikataa la kwanza kwa hoja hiyo, maana uchawi umo kwenye yote mawili. Mambo ya mapacha wa nafsi nayo ni hadithi, na mtoto aambiwe waziwazi kuwa ni hadithi. Kamari ni vivyo hivyo. La kwanza lina jumba la kamari, lipite. La pili lina mji mzima, Goldpaw, unaoamua kila kitu kwa dadu, ila angalau hadithi yenyewe inakwenda kufichua kuwa dadu zile ni za ulaghai. Wakadiriaji wa Marekani wamelipa la kwanza umri wa miaka 10 na zaidi, na la pili wakaliweka kwa vijana wa miaka 13 na zaidi. Lile la zamani ndilo jepesi zaidi, na wazazi wengi wanadhani kinyume chake.

Kimoja hakikutupendeza. Katika la kwanza kuna mji wa jangwani unaoitwa Al Mamoon, na malkia wake ni mnene kupita kiasi, na cheo chake kimetungwa kwa kuunganisha neno la Kiingereza la ng'ombe na neno khalifa. Tulikunja uso. Mtoto akifika hapo mwambie kuwa Al-Ma'mun alikuwa khalifa wa Baghdad, aliyewakusanya wanachuoni kutafsiri na kusoma elimu ya nyota na hesabu. Dakika tano zinatosha. Esther, binti wa mji huo anayejiunga na safari, ni mmoja wa watu wazuri wa hadithi nzima, kwa hiyo usiwahi kulizima.

Kwa mabiharusi, neno moja tu. Ikiwa mume ndiye mchezaji na wewe ni mtazamaji, la kwanza linatazamika vizuri kuliko la pili. Lina katuni za kukaa na kuangalia pamoja, lina vicheko vya Drippy, na mapigano yake ya polepole yanawaachia nafasi ya kuzungumza. La pili mchezaji wake hasikii hata ukimwambia chai imepoa.

Mkiamua kurudi, pumzikeni kwanza. Ukitoka moja kwa moja kwenye la pili utalichukia la kwanza ndani ya saa tatu. Kaa hata mwezi. Chagua kiwango chepesi bila ya kuona haya, kwani mazimwi ya la kwanza ni magumu kuliko ya la pili, na hakuna anayekupa cheti. Kuna toleo lililosafishwa picha, lilitoka Septemba 2019 kwa PlayStation 4 na kompyuta. La Nintendo Switch lilitoka wakati huo huo lakini picha zake ni zile za zamani. Pamoja na hivyo, kwa umeme wetu tungekwambia uchukue la Switch, kwa sababu ndani ya mapango ya la kwanza huwezi kuhifadhi ulipofika mpaka ukute jiwe maalumu, na umeme ukikatika uko katikati, unaanza upya. Switch ina betri, na adhana ikilia unailaza, ukirudi unaikuta pale pale.

Na kama unamchukulia mtoto aliyefiwa, kaa nalo wewe mwenyewe kwanza, usiku watu wakishalala, mpaka uipite ile sehemu ya mtoni. Kesho yake ndipo umwite.