Ramani ya barabara zetu isisahihishwe kutoka angani peke yake

Mwezi uliopita mama mmoja, mhami aliyepokelewa na familia hapa Minova, alinipigia simu baada ya habari za jioni. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu: "Ndugu mwandishi, ile barabara ya kwetu mliyosema inapitika, ni ipi?" Tulikuwa tumesoma tangazo kwamba njia ya kwenda upande wa kijiji chake iko wazi. Akaanza kunihesabia. Iko ya gari, ambayo daraja lake la miti lilianguka wakati wa mvua. Iko ya motari, inayozunguka juu ya mlima. Na iko ya miguu, inayopita ndani ya mashamba ya migomba. Yeye alitaka kujua kama anaweza kumpeleka mama mkwe wake ambaye hatembei.

Nilifungua ramani kwenye simu. Kulikuwa na mstari mmoja tu, umenyooka vizuri, umepita juu ya mto kana kwamba daraja lipo. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza watu wanaofanya kazi ya ramani, na nakiri kuwa kazi yao ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Wanatumia mfumo wa taarifa za kijiografia, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa SIG. Si picha ya barabara tu. Kila barabara ni mstari wenye daftari lake: jina, upana, ni udongo au lami, gari gani linapita, nani aliandika na lini. Juu yake unaweza kuweka tabaka la mito, la vijiji, la vituo vya afya, halafu ukauliza: kama daraja hili likianguka, ni vijiji gani vinabaki bila njia ya kufika hospitali? Jibu linakuja haraka, lakini ni sahihi tu kama daftari ni sahihi.

Sehemu kubwa ya mistari hiyo kwetu imechorwa na watu wa kujitolea kwenye OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti mwaka 2010, dunia iliona kwamba watu walio mbali wanaweza kuchora mji mzima kwa siku chache wakifuata picha za satelaiti, na wasaidizi wakaitumia kazi hiyo. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza waliingia katika mradi wa Missing Maps ili maeneo kama yetu yachorwe kabla ya msiba. Ni jambo jema na ninawashukuru. Kuna kijana mahali fulani Ulaya ametumia jioni yake kuchora njia ya kijiji ambacho hatakiona maishani.

Lakini kijana huyo anaona nini? Picha za bure za satelaiti ya Sentinel-2, zinazopigwa takriban kila siku tano, kila nukta yake ni mita 10 kwa mita 10. Njia yetu ya motari ina upana wa mita moja, pengine na nusu. Ndani ya nukta hiyo inamezwa kabisa. Ziko picha za karibu zaidi, ila nyingi ni za miaka iliyopita. Na milima yetu inavaa mawingu miezi mingi, hasa miezi ile ya mvua ambayo ndiyo barabara zinakatika. Satelaiti inapita, inapiga picha ya wingu, inaenda zake.

Sisi wa Kalehe tunajua ardhi inavyoweza kuiacha ramani nyuma kwa saa moja. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, maji yalishuka kutoka milimani na mawe na matope. Nyamukubi na Bushushu zilipoteza zaidi ya watu 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Nyumba, barabara na madaraja vilisombwa, na kwa siku kadhaa ziwa ndilo lililokuwa njia. Ukifungua picha ya zamani leo, utaona vichochoro ambavyo leo ni mawe matupu, na juu yake kuna mistari iliyochorwa kwa uaminifu. Wenzetu wa Nyiragongo waliona hivyo hivyo tarehe 22 Mei 2021, pale lava ilipokata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Watu walianza kupita juu ya mawe yenye moto kabla ramani yoyote haijajua.

Kwa hiyo shida yangu si kwamba ramani ina makosa. Kila ramani ina makosa. Shida ni kwamba mstari hausemi umri wake. Mtu wa usafirishaji aliye ofisini Goma au Bukavu anaona barabara, anapanga lori la unga, lori linafika kwenye mto na kurudi. Au kinyume chake: haoni barabara, anaandika "hakuna njia", na kijiji kinabaki nje ya orodha ya ugawaji ijapokuwa motari wanapeleka bia kule kila wiki. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye mkutano ambapo chefu wa kijiji aliambiwa kwa heshima kwamba kijiji chake hakionekani kwenye mfumo. Mzee alitazama skrini, akatutazama sisi, akasema ametoka huko asubuhi kwa miguu. Tulicheka. Lakini orodha haikubadilika siku ile.

Ninachodai ni hiki: barabara isihesabiwe kuwa imesahihishwa mpaka aliyeipita ameulizwa. Na watu wa kuuliza tunao. Motari wa Kalungu anayepanda Numbi anajua kila kona ambapo abiria lazima ashuke asukume. Mama anayebeba makala anajua kivuko kinachopitika mwezi wa saba na kinachoua mwezi wa kumi na moja. Simu ya kawaida yenye GPS inarekodi njia bila intaneti. Ikifika penye mtandao, inatuma. Kumfundisha motari kuwasha na kuzima ni kazi ya asubuhi moja. Mlipe mafuta na muda wake, kwa sababu huyo naye anafanya kazi ya ramani kama yule mwenye kompyuta.

Na waulizeni wahami. Wanahesabiwa, wanaandikishwa, wanapigwa picha, lakini ni nadra kusikia mtu akiwauliza: mlipita wapi kuja hapa? Familia iliyotembea siku tatu na watoto ina habari ya barabara kuliko ofisi yoyote. Inajua daraja gani lilikuwa bado limesimama na jina ambalo wenyeji wanaliita. Hilo la majina si dogo. Kijiji kimoja kinaandikwa kwa namna tatu, au vijiji viwili vina jina moja, na msaada unaenda kwa jina badala ya kwenda kwa watu.

Hapa lakini nina jambo linalonisumbua, na sitaki kulificha. Ramani nzuri inamsaidia kila anayeishika. Njia ya miguu ambayo watu walikimbilia, pale walipolala msituni, mahali wanawake wanapita kwenda shambani wakiogopa barabara kuu, vitu hivyo vikiwekwa kwenye ramani ambayo kila mtu anaifungua kwenye simu, mwenye silaha naye ataifungua. Rafiki yangu anayefanya kazi hiyo aliniambia kwamba ramani huru ndiyo ukweli na ukweli haufichwi. Mimi sikubaliani naye. Barabara ya lori, daraja, kituo cha afya, soko: chora wazi. Njia ya kukimbilia iachwe katika vichwa vya wanaoitumia, isipokuwa wenyewe wamekubali, na wameelezwa nani ataiona. Kuwauliza watu ni pamoja na kuwapa haki ya kusema hapana.

Tena ramani irudi. Wachoraji wanakuja, wanauliza, wanaondoka, na kazi inaishia kwenye kompyuta za Kinshasa au nje ya nchi. Karatasi moja kubwa iliyobandikwa ukutani kwa chefu, yenye tarehe, ingetosha kuanzia. Watu wataisoma na kubishana, na mabishano hayo ndiyo yatakayoonyesha palipokosewa.

Sisi wa redio nasi hatuna mikono safi. Tumezoea kusema "barabara ya Kalehe imekatika" kana kwamba Kalehe ni hatua mbili. Msikilizaji aliye Ihusi anaghairi safari bure, na aliye Nyabibwe anatoka bila kujua. Kwa hiyo kuanzia juma hili, kwenye habari za barabara nitataja pahali penyewe, kati ya kijiji gani na kipi, kwenye mto gani, gari au motari au miguu, na siku ambayo mtu aliyetuambia alipita hapo. Kama habari ina siku nne, nitasema ina siku nne. Ukipita barabara ambayo tumeitangaza na ukakuta sivyo, piga simu studio, hata kama kipindi kinaendelea.

Yule mama nilimpigia tena baada ya kumpata motari mmoja wa upande huo. Njia ya mlimani inapitika, lakini kwa mgonjwa ni ngumu: sehemu mbili lazima ashushwe na kubebwa. Alinyamaza kidogo, akauliza kama daraja limeanza kutengenezwa. Motari alisema miti imeletwa, iko kando ya mto, wanangoja misumari.