Yaya: Tumchunguze, Nasi Tujichunguze

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Isaka ni mji wa pilikapilika. Kwa miaka mingi mizigo itokayo bandari ya Dar es Salaam imekuwa ikishushwa hapo kutoka kwenye treni na kupakiwa katika malori yaendayo Rwanda na Burundi. Baba yuko kwenye mizigo, au yuko migodini upande wa Kahama na Geita kwa zamu ya usiku. Mama naye ana genge, mgahawa au duka. Mtoto anabaki na nani? Anabaki na yaya.

Linalotusikitisha ni namna yaya huyo anavyopatikana. Tukinunua mbuzi wa akika tunamkagua macho, masikio na miguu. Lakini binti wa kumkabidhi mtoto yuleyule tuliyemchinjia akika tunaletewa na dalali pale stendi. Hatumjui baba yake wala kijiji alikotoka, na kesho yake tunamwachia nyumba na kwenda sokoni.

Katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, binti aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (AS) alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Na katika sura hiyohiyo tunasoma kwamba mama yake Musa, alipomtia mwanawe mtoni, alimtuma dada yake amfuatilie kwa mbali. Mzazi anaweza kulazimika kumwacha mtoto mikononi mwa wengine. Kuacha kumtazama hakuna ruhusa.

Kwa hiyo tumpate yaya kupitia watu tunaowafahamu. Tuzungumze na wazazi wake, na tumuulize aliyekaa naye kabla yetu. Mama akae naye siku kadhaa kabla ya kumwachia mtoto. Tukishatoka, turejee mara mojamoja saa isiyotarajiwa. Mtoto anayelia kila amwonapo yaya, au aliyekuwa mchangamfu akawa bubu, anatueleza jambo.

Wapo wanaouliza: je, ni lazima awe Muislamu? Anayeswali na mwenye adabu ni bora, kwani mtoto huiga anachokiona. Hata hivyo, Mtume (SAW) katika Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit kuwa kiongozi wa njia, naye hakuwa Muislamu wakati huo, bali alikuwa mwaminifu na mjuzi. Asiye Muislamu aelezwe taratibu za nyumba kwa upole, wala asilazimishwe dini.

Sasa tujigeukie wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Binti aliyetolewa darasani aje kubeba mtoto wetu mgongoni naye ni mtoto. Mwenye kumlea mwanawe kwa kumharibia mwana wa mwenzake amefanya biashara ya hasara.

Lipo na suala la faragha. Baba anarudi asubuhi kutoka zamu, mama yuko sokoni, na ndani amebaki binti asiye maharimu wake. Hiyo ndiyo khalwa aliyotukataza Mtume (SAW). Likitokea la kutokea, binti ndiye anayerudishwa kwao na mimba na aibu, naye mwenye nyumba anaendelea kukaa safu ya mbele msikitini. Allah haoni hivyo? Familia ipange mapema: mama mzazi, shangazi au jirani awepo saa hizo, au yaya na mtoto wakashinde kwa jamaa.

Kisha ni haki yake. Mtume (SAW) ametuamuru kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka; sisi tunamwambia, "Utazikuta ukiondoka." Ameagiza wanaotutumikia wale tunachokula, sisi tunawapa makoko. Anas bin Malik (RA) alimtumikia miaka 10 bila kuambiwa hata "ah!" Yaya anayetukanwa asubuhi, mchana amebaki peke yake na mtoto wetu.

Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Katika nyumba yenye yaya, amana ni mbili: mtoto wetu, na mtoto wa watu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, na atupe moyo wa kuwahurumia wanaotusaidia kuvilea. Amin.