Mwalimu aliyevutwa na wanafunzi wake hadi stesheni

Kila Siku ya Walimu Duniani, Oktoba 5, inapokaribia, kuna swali linalorudi kwenye simu zetu kutoka Ikungi hadi Manyoni: mwalimu wa kijijini anatambuliwa kwa lipi?

Wahindi wana siku yao, Septemba 5. Ndiyo siku aliyozaliwa Sarvepalli Radhakrishnan, mwaka 1888, mwalimu wa falsafa ya Kihindu aliyekuja kuwa rais wa India. Alipoingia madarakani mwaka 1962, wanafunzi wake wa zamani walitaka kusherehekea siku hiyo. Akawaambia afadhali iwe ya walimu wote.

Heshima alizozipata ni nyingi. Waingereza walimpa cheo cha Sir mwaka 1931, Oxford ikampa uprofesa mwaka 1936, na mwaka 1954 India ikamtunuku Bharat Ratna, nishani yake ya juu kabisa kwa raia. Hata Nairobi alifika, Julai 1956, akazindua sanamu ya Gandhi iliyoko Chuo Kikuu cha Nairobi.

Alizipataje? Alisoma shule za wamisionari, ambako imani ya wazazi wake ilikosolewa vikali. Hakununa. Aliichimba imani hiyo, kisha akaieleza kwa lugha ambayo wakosoaji wenyewe waliielewa. Lawama hazikukosekana: mwaka 1929 msomi mwenzake, Jadunath Sinha, alimshtaki kwamba amenakili kazi yake, na kesi ikaisha kwa kupatana.

Hapa kwetu heshima za kisomo zinazungumzwa sana tangu Oktoba 2023, Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru cha Delhi kilipomtunuku Rais Samia Suluhu Hassan udaktari wa heshima. Udaktari huo hausomewi wala hauna mtihani. Chuo kinatambua kazi ya mtu. Hatuna tatizo nao. Tatizo ni vyeti vya kununua. Ukiambiwa ulipe ada ili utunukiwe, msikilizaji, hiyo ni biashara.

Lakini heshima ya Radhakrishnan tunayoipenda zaidi haikuwa na cheti. Inasimuliwa kwamba mwaka 1921, alipohama Mysore kwenda kufundisha Calcutta, wanafunzi waliwafungua farasi wa gari lake, wakalivuta wenyewe hadi stesheni. Mwalimu anayehamishwa kutoka Mkalama leo hupanda bodaboda na begi lake, na wazazi wengine hujua ameondoka shule zikishafunguliwa.