Kicheko Hakina Mizani Moja

Kuna kauli ipendwayo sana na wahariri wa magazeti, nayo ni kwamba mchora katuni mwema huzicheka pande zote mbili sawasawa. Anayeelemea upande mmoja, wasema, ameiacha sanaa akaingia siasa. Kauli hiyo ina sura ya uadilifu. Lakini ikipelekwa Marekani ya miaka ya 1950, kwenye mapambano ya kuondoa ubaguzi wa rangi mashuleni, sura hiyo huchujuka.

Tarehe 17 Mei 1954, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwamba kuwatenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi zao ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata mahakama hiyo hiyo ikaagiza hukumu itekelezwe kwa haraka yenye hadhari. Wabaguzi wakaishika hadhari, haraka wakaitupa. Mwaka 1957, mjini Little Rock, Gavana Orval Faubus alitumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie sekondari, hata ikambidi Rais Eisenhower apeleke jeshi la taifa kuwalinda. Mwaka wa masomo wa 1958–59 sekondari za umma za mji huo zikafungwa. Huko Virginia, wilaya ya Prince Edward ilizifunga shule zake za umma tangu 1959 hadi 1964, ili mtoto mweupe asije akakaa darasa moja na mweusi.

Basi na aulizwe huyo mpenda mizani: upande wa pili ulikuwa na nini cha kuchekwa? Huku yupo gavana, na askari wake, na kufuli la mlango. Kule yupo mtoto na mkoba wake wa vitabu. Kuwacheka wote kwa kipimo kimoja ni kumtwisha mzigo mwingine aliyekwisha kulemewa. Wabaguzi wenyewe hawakuisubiri mizani hiyo. Gazeti la Mabaraza ya Raia, lililoanza kutoka Jackson, Mississippi, mwaka 1955, lilichapisha katuni za kuutetea utengano. Kicheko ni kisu, hakimwulizi mshikaji jina lake.

Wapo waliochagua upande. Herbert Block wa Washington Post, aliyejulikana kwa jina la Herblock, alichora mwaka 1962 mtoto anayesema kwamba ana umri wa miaka minane, naye alizaliwa siku ile ile ya hukumu. Hamna tusi wala kelele. Umri wa mtoto peke yake waipima hadhari ya mahakama, na waihukumu. Mpenzi wa mashairi ya fumbo hana haja ya kufafanuliwa nguvu ya mtindo huo, kwani neno dogo limebeba shtaka zima.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Oliver Harrington, Mmarekani mweusi aliyechorea magazeti ya watu weusi. Katika katuni yake moja wakuu wa jeshi wanapanga vifaru na askari wa miguu kama waendao vitani, na shabaha yao yote ni kumfikisha shuleni mtoto mmoja mweusi. Katika nyingine, iliyotoka katika Pittsburgh Courier mwaka 1963, mtoto anasema sasa hana hakika tena kama anataka kuelimika. Msomaji hucheka, kisha kicheko kikamkwama kooni. Mtoto hakuchekwa hata kidogo. Amepewa ulimi, na kwa ulimi huo dola nzima yavuliwa nguo. Harrington aliihama nchi yake mwanzoni mwa miaka ya 1950, zama za kuandamwa wenye fikra za mrengo wa kushoto. Akaishi Paris, kisha Berlin Mashariki.

Ati mtu atasema kwamba kuchagua upande ni kuupinda ukweli. Herblock hakuongeza hata siku moja katika umri wa yule mtoto, na vifaru vya Harrington vilikuwa na asili yake katika jeshi la kweli lililoonekana Little Rock. Ukweli haukupindwa, uliopindwa ni mlango wa shule. Mchora katuni anayegawa kicheko nusu kwa nusu bila kuuliza nani ameushika ufunguo, na nani amesimama nje, amekwisha kuchagua upande, ila hana ujasiri wa kuutaja.