Karata Mezani, Kanuni Kitabuni

Wapo ndugu zetu wenye vyeo na elimu ambao wakisikia neno utamaduni, fikira zao hukimbilia ngoma, vinyago na mavazi. Wakikumbushwa michezo watalitaja bao, kisha watafunga mlango. Karata huachwa nje, pamoja na wazururaji na wacheza kamari. Katika makala haya tunakusudia kuugonga mlango huo. Hatusemi kwamba kila mtu acheze karata, wala hatutetei uvivu. Tunasema kwamba wahedi wa sitini ni mchezo wa akili. Kwamba Waswahili wameufanya kuwa wao kwa lugha na kwa hesabu. Na kwamba aibu inayouandama haitokani na mchezo wenyewe, bali inatokana na sisi, tulioona haya kuuandikia kanuni na kuushindania kwa heshima.

Tuanze na hoja ya wale wanaosema kwamba karata ni mchezo wa kigeni. Ni kweli kwamba neno karata limetokana na Kireno. Kopa, uru, pau na shupaza nayo ni majina ya Kireno yaliyokaa midomoni mwetu hata yakasahau kwao. Turufu ni ya Kireno vilevile. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakatolewa humo mwaka 1698. Walipokwenda zao hawakuacha mizinga peke yake. Waliacha maneno, na mojawapo ni neno meza. Basi yule anayezikataa karata kwa sababu ni za Wareno, na ainuke kwanza kwenye meza yake, aandike hoja zake sakafuni.

Tena Wareno wenyewe hawakuzibuni karata. Karata ziliingia Ulaya katika karne ya 14, na karata za Misri ya enzi ya Wamamluki zilikuwa na alama nne: vikombe, dinari, fimbo na panga. Vikombe ndiyo kopa, dhahabu ndiyo uru, fimbo ndiyo pau, upanga ndiyo shupaza. Zilitoka Misri zikavuka bahari kwenda Ulaya, zikarudi Afrika kwa upande wa pwani yetu zikiwa na majina mapya. Kitu kilichosafiri hivyo, nani atathubutu kukipiga muhuri wa taifa moja? Mwalimu Nyerere, alipolihutubia taifa tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisisitiza tuufufue utamaduni wetu; lakini katika hotuba hiyohiyo alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza lolote kutoka kwa wengine halina akili. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza tu ya maneno yale.

Sasa tazama Waswahili walivyozipokea karata. Hawakuzipokea kama kasuku apokeavyo neno. Karata zenye picha waliziita wazungu, wala hawakujisumbua kumvika mmoja taji na mwingine ushungi. Yule ambaye Mzungu humwita mfalme, wao walimwita mzungu wa nne. Kijana wa mfalme wakamwita mzungu wa tatu. Malkia akawa mzungu wa pili. Kwa nini malkia awe chini ya kijana? Kwa sababu wazee wetu hawakutazama cheo, walitazama hesabu. Katika mchezo huu mfalme ana alama 4, kijana ana 3, malkia ana 2. Ree ina alama 11, na karata ya saba, iitwayo seti, ina 10. Jumlisha: rangi moja ina alama 30. Rangi ni nne, basi alama zote ni 120. Nusu yake ni 60. Anayetaka ushindi lazima apite nusu, walau kwa alama moja. Ndipo mchezo ukaitwa kwa jina la Kiarabu lenye maana ya sitini na moja. Jina la Kiarabu, rangi za Kireno, wazungu waliohesabiwa kwa Kiswahili, na wachezaji wa Tanga, Unguja na Mombasa. Kama huo si utamaduni wa pwani ya Afrika ya Mashariki, tuambiwe utamaduni huo una sura gani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo yatupasa kuijibu kwa adabu. Husemwa kwamba karata ni bahati, na bahati ni dada yake kamari. Wazazi wengi, Waislamu kwa Wakristo, wamewakataza watoto wao karata kwa sababu hiyo. Sisi wenyewe tulilelewa katika nyumba ambayo karata hazikuruhusiwa kuvuka kizingiti, na hatumlaumu mzazi wetu. Aliwaona watu wakipoteza mishahara. Lakini hebu tutenganishe mambo mawili. Fedha inayowekwa mezani ni jambo moja, na mchezo ni jambo lingine. Leo vijana wetu wanaweka fedha kwa simu juu ya mpira wa miguu, usiku na mchana, na hakuna aliyesema kwamba viwanja vya mpira vifungwe au kwamba mpira si mchezo wa akili na nguvu. Kwa nini basi dhambi ya mcheza kamari isamehewe mpira na itwikwe karata?

Ama kuhusu bahati, ni kweli kwamba mchezaji hachagui karata anazogawiwa. Lakini huchagua namna ya kuzicheza. Wachezaji wanne huketi wawili kwa wawili, kila mmoja akimwelekea mwenzake, na hawaruhusiwi kusemezana. Aliye na seti ya kopa ataishika mpaka ajue ree ya kopa imepita, maana akiitoa mapema amemzawadia adui alama 10. Atajuaje? Kwa kukumbuka kila karata iliyoanguka. Atahesabu turufu zilizotoka na zilizobaki. Atasoma katika karata aliyoitupa mwenzake ujumbe ambao mdomo umekatazwa kuutoa. Mtoto anayeweza kuyafanya hayo kwa mfululizo wa saa mbili ana kichwa ambacho mwalimu yeyote wa hesabu angependa kukipata darasani.

Hata hivyo tukiri kosa letu. Miaka ipatayo ishirini iliyopita tulikuwa katika mashindano madogo ya karata baina ya watumishi wa ofisi mbili jirani. Mwenzetu wa kuketi naye alikuwa mtunza ghala, mtu mpole ambaye hatujapata kumwona akisahau karata. Tulifika raundi ya mwisho. Karata zilipokwisha na alama kuhesabiwa, sisi tulikuwa na 60, na wapinzani wetu 60. Zilihesabiwa tena, zikawa zilezile. Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Wao walidai kwamba aliyeokota karata za mwisho ndiye mshindi, ndivyo walivyocheza kwao tangu utotoni. Sisi tulidai kwamba jina la mchezo ni sitini na moja, hakuna aliyeifikia, basi karata zichangwe upya. Msimamizi wetu alikuwa bingwa wa riadha. Kanuni za mbio alizijua, za karata hakuzijua, na hapakuwa na kitabu cha kumsaidia. Jua lilikuwa linakuchwa na watu wanataka kwenda makwao. Akatoa sarafu mfukoni, akairusha juu.

Sarafu ilituangukia sisi. Tukapewa kikombe, tukapigiwa makofi, na mtunza ghala akakataa kukishika. Alisema neno moja tu: kwamba saa tatu tulikuwa tukicheza mchezo wa akili, na nukta moja ya mwisho tumecheza kamari. Kikombe kile kingali katika kabati letu, na hatujapata kukionea fahari hata siku moja. Wale wanaosema karata ni bahati wangekuwapo siku ile wangecheka, na wangekuwa na haki ya kucheka. Lakini bahati ile haikutoka katika karata. Ilitoka katika uzembe wetu wa kutoandika kanuni. Mchezo usio na sheria iliyoandikwa, mwisho wake ni ubavu au sarafu.

Wenzetu walilitambua jambo hili mapema. Wacheza sataranji, mchezo uliotoka Bara Hindi ukapita kwa Waajemi na Waarabu kabla ya kufika Ulaya, waliunda shirikisho la dunia mjini Paris mwaka 1924. Wacheza karata za briji walianza kushindania ubingwa wa dunia mwaka 1950, na shirikisho lao likaundwa mwaka 1958. Hao wa briji walisumbuliwa na shutuma ileile ya bahati. Hawakujibu kwa hasira. Walijibu kwa mpango. Karata zilizogawiwa katika meza ya kwanza huhifadhiwa kama zilivyo, kila mkono peke yake, kisha hupelekwa meza ya pili zikachezwe na watu wengine. Timu iliyopata karata nzuri katika meza ya kwanza hupewa karata mbaya katika meza ya pili. Mwishoni hulinganishwa nani amefanya nini na karata zilezile. Bahati ya mgao imeondolewa mlangoni. Kinachobaki ni akili. Mpango huu hauhitaji mtambo wala fedha za kigeni. Unahitaji bahasha nne kwa kila mgao, kalamu na mtu mwaminifu.

Hapa washairi wenzetu watatuelewa upesi. Kulikuwa na wakati ambapo sheria za ushairi zilikaa vifuani mwa mabingwa, na mwanafunzi alizipata kwa kusahihishwa. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alizichapisha katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Kitabu hicho hakikumaliza mabishano, bali kiliyapa mahali pa kusimama. Hata wale waliokuja kuyakataa masharti ya vina na mizani katika miaka ya 1970 walijua ni kitu gani wanachokikataa. Sanaa haikufa kwa kuandikiwa sheria. Iliingia shuleni.

Tazama na bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na lina msamiati wake: nyumba, kichwa, kimbi, namua, mtaji, takata. Wataalamu wamekuja kutoka mbali kuuandika msamiati huo, nasi tumefurahi. Lakini je, tungoje mpaka mgeni aje kutuandikia na wahedi wa sitini, atufundishe maana ya mzungu wa nne? Tayari vijana wengi wanazitaja karata kwa majina ya Kiingereza, na ree na seti zinabaki kwa wazee. Neno likishazikwa halifufuliwi kwa kilio. Karata na bao vimekwisha kupata nafasi katika michezo ya SHIMIWI, ambapo watumishi wa wizara na idara za serikali hukutana. Hilo ni jambo jema, nasi tunalisifu. Lakini mtumishi wa miaka arobaini hujifunza kwa shida; anayepasa kuanza ni mwanafunzi.

Kwa hiyo tunawaelekea walimu. La kwanza, wapeni wanafunzi kazi ya kwenda barazani na daftari. Wawaulize wazee: kwenu, ikiwa 60 kwa 60, nani kashinda? Turufu hupatikanaje? Mtu akikosea kufuata rangi, adhabu yake nini? Majibu ya Pemba hayatafanana na ya Tanga, na tofauti hizo zenyewe ni somo. La pili, kanuni zilizokusanywa zijadiliwe, zichaguliwe, ziandikwe kwa Kiswahili fasaha, na msimamizi wa mashindano aziweke mezani kabla karata hazijachangwa. La tatu, mashindano ya shule yafuate mpango wa karata zilezile kwa meza mbili, na isiwekwe senti wala soda. Mwanafunzi ambaye dini yake au mzazi wake anamkataza asilazimishwe, wala asichekwe. Uhuru wake nao ni sehemu ya utamaduni wetu.

Watakuwapo watakaosema kwamba nchi ina mambo makubwa zaidi ya karata. Kweli inayo. Lakini mambo makubwa ya nchi hutaka watu wanaoweza kuhesabu, kukumbuka, kunyamaza inapobidi, kumwamini mwenza, na kukubali kushindwa kwa mujibu wa sheria iliyokubaliwa kabla ya mchezo. Hayo hayafundishwi kwa hotuba. Hufundishwa mezani, pole pole, kwa mkono mmoja baada ya mwingine. Na ikiwa siku moja mwanafunzi atapata 60 na mpinzani wake 60, tunaomba msimamizi wao afungue kitabu, asifungue mfuko wa sarafu.

Tunamaliza kwa ubeti huu wetu:

Karata siyo kamari, mchezo una hesabu,
Wa utulivu na ari, na jicho la taratibu,
Mwenye pupa hana heri, hupotewa na jawabu,
Kanuni tuzikariri, tuziandike kitabu.