Kompyuta Isijiunganishe Yenyewe!

Jamani waandishi wenzangu, nani katuloga? Fundi akikufungia kompyuta nyumbani, kwanza anaiagiza ijiunganishe yenyewe na intaneti ya simu yako, halafu anakuambia hayo ndiyo maendeleo. Maendeleo ya nani? Windows, tangu toleo la 10 lilipotoka 2015, huichukulia Wi-Fi kuwa haina kikomo mpaka uiambie vinginevyo. Basi inajivutia programu zake mpya kimyakimya, na bando ulilotunza utume mswada wa riwaya linakwisha hujaandika hata aya. (Wanaolipia waya wa mwezi watatucheka. Wacheke.) Ondoa ile alama ya kujiunganisha, uiambie kompyuta kuwa mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Fundi akinuna, akununulie vocha yeye.