Ile Alama Kwenye Marumaru Haisafishiki, Wacheni Kumkata Dada Mshahara

Wiki hii nimeona vidio tatu za usafi kwenye TikTok, zote ujanja ni ule ule. Mtu anakata ndimu, anaikamua juu ya sakafu ya marumaru, anamwaga magadi, povu linapanda, muziki unagonga, kisha kamera inakatwa. Inakatwa pale pale kila mara. Hakuna hata mmoja anayeonyesha ile sakafu ikishakauka. Mimi pia nakula kwa vidio, najua kamera hukatwa kwa nini.

Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, kwa hivyo msinijie na "wewe ni mtaalamu wa nini". Hii ni kemia ya sekondari, hata hukuhitaji kupita. Marumaru ni kalsiamu kaboneti. Ganda la yai ni hiyo hiyo, kombe la baharini ni hiyo hiyo. Tia asidi juu yake, upate chumvi ya kalsiamu, maji, na hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka kama povu. Magadi yanachangia povu lao, sawa. Lakini ndimu haichagui. Sehemu ya lile povu mnalolipigia laiki ni sakafu ya watu inayeyuka.

Sakafu iliyong'arishwa inameta kwa sababu uso wake umelainishwa mpaka mwanga unarudi kwa pamoja, kama kwenye kioo. Asidi ikipita inaacha vijishimo vidogo sana, pengine hata kidole hakivihisi, mwanga unatawanyika, na wewe unaona duara lililofifia. Ndio maana nalikataa hili neno "doa". Doa ni kitu kimeongezeka: chai imeingia kwenye jiwe, manjano ya mchuzi, mafuta. Doa lina rangi. Hii alama ni kitu kimepungua. Sasa niambie, utasugua vipi kitu ambacho hakipo?

Kama huamini, leo usiku zima taa, laza simu sakafuni na tochi imewaka, uangalie kwa pembeni. Utaona ramani nzima ya vikombe, sahani na chupa zilizowahi kukaa pale.

Na sisi wa Mombasa tunaishi ndani ya asidi jameni. Ndimu kwenye supu, ukwaju kwenye viazi karai, siki kwenye kachumbari, achari, mabuyu, soda ya kola. Halafu juu ya yote hayo kuna dawa ya choo. Nyingi zina asidi hidrokloriki, na kuna nyumba nazijua zinapigia deki sebule nzima kwa hiyo dawa, eti inanukia usafi. Kwenye choo cha kauri haina neno. Kwenye marumaru au terazo ni kama kumwaga maji ya moto juu ya nta.

Khalati yangu husafisha nyumba ya wageni Mji wa Kale, moja ya zile za ghorofa zilizo na roshani ya mbao. Mwenyewe simtaji. Wageni walikaa usiku kucha sebuleni, wakaacha vikombe vya juisi ya ukwaju na maganda ya ndimu sakafuni. Asubuhi kuna miduara kumi na kitu juu ya marumaru nyeusi. Khalati alisugua kwa sabuni, akasugua kwa brashi, akasugua kwa steelwool mpaka magoti yakafura. Mwenye nyumba alipofika akamwambia hajui kazi, na mwisho wa mwezi akamkata elfu nne. Khalati hakujibu kitu. Elfu nne si pesa za kubishania kama kazi yenyewe unaihitaji, ndivyo alivyoniambia, na hapo ndipo damu yangu ilipochemka.

Manake kuna Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini uharibifu uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Na makato yote kwa jumla hayatakiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Ndimu aliyoiacha mgeni anayelipa kwa usiku, hayo ni makusudi ya nani?

Mtaniambia wapo wafanyakazi wazembe, mtu anamwaga dawa ya choo kwenye jiwe bila kufikiria. Wapo. Lakini ile chupa nani aliinunua? Nani aliikabidhi bila kumwambia dada wa watu sakafu hii ni ya jiwe gani na haitaki nini? Unaweka jiwe la laki kadhaa, unampa mtu chupa ya asidi ya shilingi mia mbili na kitu, halafu unashangaa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alama hizi zinatengenezeka. Mafundi wapo hapa hapa kisiwani, wale wazee wa terazo ambao nyinyi mnawapita Mwembe Tayari wamekaa na mashine zao mkidhani ni za kusaga nafaka. Kazi yenyewe haina uchawi: jiwe limepoteza mng'aro, kwa hivyo unaliparua kidogo sana mpaka ufikie uso mzima, kisha unaling'arisha upya. Unaosha kwanza kwa maji na sabuni ya kawaida. Kama alama ni nyepesi, poda ya kung'arishia marumaru na kitambaa kilicholowa vinatosha, unasugua kwa mzunguko mpaka ing'ae. Kama ukucha unakwama, basi ni padi za almasi, na maji muda wote. Unaanza na namba ya mia nne, mia nane, elfu na mia tano, elfu tatu, ndipo poda. Namba ndogo inakwaruza zaidi, namba kubwa inalainisha. Ukiruka moja, mikwaruzo ya ile ya nyuma itabaki chini ya mng'aro, na utaiona jua la saa kumi likiingia dirishani.

Na usikomee pale penye duara tu. Hapo wengi wanaharibu. Ukichimba sehemu moja unapata bonde, mwanga unapinda, sakafu inaonekana kama maji. Fundi mzuri anafanya kipande kizima toka ukingo hadi ukingo. Steelwool nayo itupe mbali, inakwaruza jiwe na vipande vyake vinashika kutu.

Kuna wanaouza sila. Wanakwambia paka hii, sakafu haitaguswa tena. Sila inasaidia dhidi ya madoa, kwa sababu inaziba vinyweleo vya jiwe, chai isipenye. Asidi haina haja ya kupenya, kazi yake inaifanya juu juu. Muulize muuzaji akupakie kipande, utie tone la ndimu mbele yake, usubiri dakika kumi. Uone kama bado ana haraka ya kukuandikia risiti.

Halafu kuna kundi la "vunja yote tuweke tiles". Ganjoni, Tudor, mpaka Mji wa Kale, watu wanang'oa terazo iliyodumu tangu babu zao, kisa imefifia. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, ukiisaga milimita moja inazaliwa upya. Tiles ikipasuka umekwisha, duka halina tena rangi ile. Lakini tiles zinang'aa kwenye picha ya kuuzia chumba, basi.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, na ofisi ya uhifadhi iko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Watu wanadhani hifadhi ni milango ya kuchonga tu. Kisiwa hiki chenyewe ni matumbawe. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ni matumbawe. Kuta za Ndia Kuu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kimekuwa kikisaga mwamba wa aina hiyo tangu 1954. Yote hiyo ni ile kalsiamu kaboneti ya sakafuni kwako. Kwa hivyo ukimwona mtu "anasafisha" ukuta wa zamani kwa asidi ili upige picha nzuri, mzuie. Kwa heshima, lakini mzuie.

Wahindi walipoona Taj Mahal inageuka manjano hawakukamua ndimu. Wanaipaka tope la udongo maalum, linakauka, linafyonza uchafu, kisha wanaosha kwa maji. Na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vya jirani vinavyochoma makaa ya mawe vihamie gesi au viondoke, kwa sababu moshi wao unageuka asidi hewani na kula marumaru. Nchi nzima ilifika mahakamani kwa ajili ya jiwe. Sisi tunamfikisha dada peke yake, na hukumu inatolewa jikoni.

Sasa wewe unayefanya kazi hizi, au mamako anafanya. Kitu kikimwagika, kifyonze kwa kitambaa, usikisambaze, kisha maji mengi. Ukiingia nyumba mpya, siku ya kwanza piga picha sakafu yote kwa tochi ya pembeni, tarehe ionekane, umtumie mwajiri. Uliza kwa maandishi dawa gani itumike. Na kama ushakatwa, hifadhi ujumbe, andika kiasi na mwezi, upeleke ofisi ya leba. Khalati bado anasitasita. Nimemwambia Jumatatu saa mbili asubuhi nakuja kumchukua na tuktuk, nauli juu yangu, na picha za ile miduara ninazo kwenye simu.